Talkini ya Mezani

Sikutaka kuisema hii. Nimeketi zangu nachambua mboga, mgongo unaniuma, na nyinyi mmenizunguka kama kuku walioona pumba: bibi tuambie, bibi tuambie. Mkishaambiwa mnaogopa kwenda chooni peke yenu, na wa kuwasindikiza ni mimi. Basi anayetaka kusikia asikie, asinikatize, na asiniulize kama mwisho wake ni mzuri. Si mzuri.

Nyumba mnaijua, ile ya Bi Zainabo, upande wa Palma unaoshukia ghuba ya Tungue, yenye ua wa makuti na mlango wa bati. Waliokuwa wakikaa mle ni watatu: Bi Zainabo mwenyewe, mjane, mwanawe mkubwa, Latifo, na mke wa Latifo, Wahida, mimba yake ya kwanza ikiwa ndiyo kwanza inaanza kuonekana. Alikuwako na wa nne, Rizuane, kitindamimba. Siku ile ya bunduki, wavamizi walipoingia mjini na watu wakakimbia kila mmoja na njia yake, Rizuane alionekana akiingia mikokoni. Aliyemwona akitoka hajapatikana mpaka leo. Wengine waliopotelewa walilia, wakangoja, wakasomesha hitima, watu wakala wakatawanyika. Bi Zainabo alikataa. Alisema hasomeshi hitima ya mtu ambaye hajamwona kafa, na anayetamani wali wa msiba akale kwa wengine. Basi Rizuane akabaki hivyo, si hai si maiti, hana kaburi wala dua, na jina lake halitajwi mle ndani mpaka mama yake awe amelala.

Mambo yalianza kwa ndoo ya maji.

Asubuhi ya Jumapili moja Wahida aliamka kumtekea mumewe maji ya kuoga, kama alivyofanya tangu aolewe, akakuta ndoo imeshajaa, imewekwa bafuni, kata imelazwa juu yake. Akadhani mkwewe kamwonea huruma kwa ajili ya tumbo. Bi Zainabo naye alipoiona akamsifu Wahida kwa kuamka mapema. Wakashukuriana bure, kila mmoja kwa kazi ya mwenziwe, na hakuna aliyeifanya. Wahida alipoinama kuichukua kata, akasikia harufu. Tope la mikoko. Si harufu ya pwani, ya samaki na chumvi, tuliyozaliwa nayo. Ni ile ya ndani kabisa, penye giza, maji yakipwa na tope jeusi likifunuka. Akayamwaga, akateka mengine.

Kesho yake ndoo ilijaa tena.

Halafu vikafuata viatu. Latifo alikuwa na tabia ya kuvitupa popote, kimoja mashariki kimoja magharibi. Wahida akavikuta mlangoni vimepangwa sambamba, ncha zinatazama nje, tayari kuvaliwa. Vimepanguswa. Lakini kwenye kisigino cha kimoja palikuwa na alama za vidole, za tope, mbichi bado. Akamwonyesha mumewe. Latifo akacheka, akasema labda nyumba imepata mtumishi. Kicheko chenyewe kilikatika katikati kama mtu aliyejiuma ulimi. Akavaa viatu, akaenda kazini, na Wahida akabaki mlangoni anakifikiria kile kicheko.

Latifo alikuwa mkalimani katika ofisi ya serikali. Wakubwa wa ofisini wametoka mbali, Inhambane, Quelimane, huko, na bila yeye walikuwa hawawezi hata kununua papai. Mmoja wao, Adérito, kijana mwenye miwani, alihamia Palma na sanduku moja la nguo na jingine la mchezo. Mchezo wa mezani, lakini si bao wala karata. Watu wazima wenye ndevu wanaizunguka meza Jumamosi baada ya chakula cha mchana, kila mmoja ana karatasi aliyomwandikia mtu wa uongo, naye anajifanya kuwa ndiye huyo mtu. Mmoja askari, mmoja mwizi, mmoja mchawi. Wanarusha dado zenye pembe nyingi, na dado ndiyo inayoamua kama umemchoma adui au umejikwaa ukavunjika jino. Adérito ndiye mestre, mkuu wa mchezo: anasimulia pango, anasimulia jitu, na wenziwe wanaogopa kwa hiari yao. Pale Palma, tulipoogopeshwa bila kuombwa ruhusa, wao walikuwa wanaitafuta hofu kwa kurusha dado. Haya.

Jumamosi iliyotangulia ile ndoo, Wahida alikuwa amewapelekea bajia, akamkuta Latifo anamuumba mtu wake. Kireno cha Wahida ni cha sokoni, nusu alishika nusu ikampita. Mtu wa Latifo alikuwa mtu wa dua, kama mwalimu wa msikitini, lakini wa daraja la kwanza, mwanafunzi tu: nguvu hana, upanga haujui, ana dua ya kuponya mchubuko na dua ya kuwasha taa. Adérito alimweleza kwamba watu wa dua katika mchezo ule huwafukuza wafu. Latifo hakutaka kufukuza. Akachagua njia ya pili, ya kumfunga maiti mmoja awe wake. Katika daraja la kwanza maiti huyo hubeba vitu vyepesi tu, maji na viatu. La pili, anafungua milango na kumlinda bwana wake. La tatu, anasema. Kadiri mtu wa dua anavyopanda, ndivyo na maiti wake anavyopata nguvu.

Wahida aliuliza kwa Kiswahili, wageni wasielewe, huyo maiti ni nani. Latifo alimjibu bila kuinua macho kwamba ni wa karatasi. Wahida akaweka bajia, akaenda zake.

Sasa, amesimama mlangoni, maneno yakamrudia. Maji. Viatu.

Jumamosi iliyofuata Latifo alirudi kutoka mezani uso umechangamka, mtu wake kapanda daraja. Magharibi ilikuwa imeingia. Alipokuwa bado mbali, hata ua hajaufikia, komeo la mlango wa bati likajivuta, taratibu, chuma juu ya chuma, na mlango ukafunguka mpaka mwisho. Wahida alikuwa ndani, anachochea moto. Alitazama. Palikuwa na baridi tu, imesimama kizingitini kama mtu anayempisha mwenziwe apite.

Siku ya pili jogoo wa jirani yao, Nafisa, akawika chini ya dirisha la Latifo, naye akanung'unika kitandani kwamba angepumzika yule ndege. Adhuhuri jogoo akakutwa ngazini kwao, shingo imezungushwa. Nafisa alimpasua, akakuta firigisi imejaa tope. Akaja naye mkononi, akamuuliza Bi Zainabo kwa ule upole wake unaouma kuliko tusi, kama siku hizi katika nyumba hii kuku huliwa kwa tope, maana yeye amezoea kwa nazi.

Wahida alimwomba mumewe aache mchezo. Latifo akasema ni karatasi na dado, anaacha baada ya Jumamosi moja tu. Mwanamume akipata wa kumtekea maji na kumfungulia mlango, hata akiwa na shaka juu ya mtumishi huyo anakotoka, hungoja kidogo kabla ya kuuliza. Akaenda. Akapanda daraja la tatu.

Ilikuwa mchana kweupe, jua la utosi, saa ambayo wazee walitukataza kupita njia panda. Latifo yuko kazini. Wahida ametoka kisimani, akasikia mama mkwe wake anazungumza chumbani. Anazungumza kwa sauti ambayo Wahida hajawahi kuisikia tangu aolewe, sauti laini ya mwanamke kijana anayembembeleza mtoto, na baada ya kila neno lake ananyamaza kidogo, kama anayejibiwa. Wahida akatua ndoo polepole. Mlango wa chumba ulikuwa umerudishwa, haukufungwa, na kutoka kwenye ule ufa ilitoka harufu ya tope nzito kiasi cha kumfanya afunike pua kwa kanga, naye akasogea, mguu kwa mguu, akaweka jicho, akamwona Bi Zainabo ameketi juu ya mkeka na sahani yake ya wali ambayo hakuila asubuhi wala jana, anafinyanga tonge, ananyoosha mkono mbele yake pasipo na mtu, na tonge linaondoka mkononi, halianguki, linaondoka tu, na mbele yake mkeka ulikuwa umelowa, umelowa kwa umbo la mtu aliyekunja miguu, na maji yalikuwa yanatiririka kutoka kwenye lile umbo kuja mlangoni, kuja kwenye vidole vya miguu ya Wahida, ya baridi.

"Wa nani weye?" Bi Zainabo akauliza, anatabasamu. Ndivyo tunavyowauliza watoto wetu wakiwa wadogo, tukiwatekenya, nao hujibu wa mama.

Sauti ya Rizuane ikajibu, Wahida aliijua kama anavyoijua ya ndugu yake:

"Wa Latifo."

"Wa nani, mwanangu?"

"Wa Latifo mwana wa Zainabo."

Bi Zainabo hakuona ubaya. Alicheka, akafinyanga tonge jingine. Wahida akarudi nyuma mpaka ukutani, akateleza akakaa chini, mkono tumboni.

Latifo aliporudi hakuambiwa karibu wala pole. Wahida alimvuta nyuma ya jiko akamwambia alichokiona, kwa mnong'ono, na akamtaka aseme yule maiti wa karatasi ana jina gani. Latifo akakaa juu ya kinu. Akasema.

Alisema mestre alitaka kila mtu aeleze mtu wake alivyopata uwezo wake. Wengine walitunga maneno mawili matatu. Yeye akaona atawaonyesha wageni kitu. Utotoni alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu Abdulcarimo, na kazi yake ilikuwa kushika birika makaburini na kumimina maji wakati mwalimu anamsomea maiti talkini. Mnaijua talkini: maiti akishafukiwa, mwalimu hukaa kichwani pake, humwita kwa jina la mama yake, humkumbusha kwamba watakuja wawili kumuuliza, na humfundisha majibu. Latifo akaketi mezani kwa Adérito vile vile mwalimu anavyoketi, akachukua jagi la maji akamimina sakafuni kutoka kichwani kwenda miguuni, akasoma kwa sauti ile ile, kwa mahadhi yale yale. Alihitaji jina la maiti. Likamjia moja tu.

"Ukasomaje?" Wahida akauliza.

"Nilisema, ewe Rizuane mwana wa Zainabo, wakikujia wakakuuliza wewe ni wa nani, sema mimi ni wa Latifo mwana wa Zainabo."

Wageni walipiga makofi. Flávia, mwalimu wa shule anayecheza mwizi, alisema nywele zimemsimama.

Wahida akamuuliza kwa nini, kati ya majina yote ya duniani. Latifo akasema hajui. Kisha akasema, huku anatazama chini, kwamba hakuna aliyemsomea Rizuane chochote, na pale mezani, kwa kitambo kidogo, aliona kama angalau kuna mtu amemsomea. Hilo nalo lilikuwa kweli. Ila ukweli wa namna hiyo haumsafishi mtu.

Akatoa ile karatasi mfukoni akaitia jikoni. Ikaungua kama karatasi yoyote. Chumbani Bi Zainabo alikuwa bado anacheka.

Basi siku hizo mle ndani zikawa ni za kumwangalia mama anavyoisha. Kila kilichotiwa kwenye sahani yake alimlisha yule. Mashavu yakabonyea, bangili zikawa zinamtoka mkononi zenyewe. Ukimwambia kula, anasema mdogo wenu bado ana njaa, ametoka mbali. Wahida alimlisha kwa nguvu mara moja, na mama mkwe, ambaye hakuwahi kumkaripia, alimtemea uji usoni, na uji ulikuwa na mchanga mweusi.

Latifo akaona amalize mwenyewe. Aliingia chumbani alasiri, akasimama mbele ya ule mkeka uliolowa, akatoa amri kama bwana kwa mtumwa: rudi ulikotoka. Na kweli kile kitu kikatii. Mlango ukafunguka, baridi ikapita, harufu ikatoka. Latifo akashusha pumzi. Alipogeuka, mama yake hayupo.

Walimfuata kwa nyayo zake. Palikuwa na nyayo zake peke yake, lakini mkono wake, walipomwona kwa mbali, ulikuwa umenyooshwa mbele kama wa mtu anayeongozwa, naye alikuwa ameshaingia mikokoni, kati ya mizizi, tope kiunoni, maji yanajaa, na hakujitahidi hata kidogo kutoka, alikuwa anavuta mguu mmoja na kuutia mwingine mbele zaidi, anasema naja, mwanangu, usiende mbio, mimi mzee, na Latifo na Wahida walipomshika mabegani waliona anavutwa, si na tope, kuna aliyekuwa ameushika ule mkono wa pili na hauachii, mpaka Latifo alipokosa la kufanya akapiga kelele kwamba basi, rudi, rudi nyumbani. Mkono ukaachiwa. Wakarudi nyumbani watu watatu na harufu ya nne.

Latifo akafahamu. Akikifukuza, kinaondoka na mama. Akikiacha, kinamla mama palepale.

Mwalimu Abdulcarimo aliitwa. Mzee mkavu, macho ya mtoto wa jicho, masikio mazima. Alifukiza ubani, akaandika kombe kwa zafarani akamnywesha mgonjwa, akasoma mpaka sauti ikamkauka. Akauliza kilichomo ni nani na kimetumwa na nani. Koo la Bi Zainabo likavimba kama la chura, na ile sauti ikatoka kinywani mwake, ya upole, ya kijana aliyelelewa vizuri:

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni wa Latifo mwana wa Zainabo."

Mzee akafunga kitabu. Akamtazama mwanafunzi wake wa zamani, akamwambia atoke naye nje, na Wahida akawafuata, hakuna aliyemzuia.

Latifo alikiri yote. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, na aliposema hakupandisha sauti.

"Maiti harudi," alisema. "Huyo mle ndani si Rizuane. Kila mtu huzaliwa na jini wake, karini, wanakua pamoja, sauti moja, tabia moja. Mtu akifa akasomewa, karini huachwa huru, huenda zake. Wa Rizuane hakuachwa. Alikuwa anazunguka huko mikokoni hana wa kumwambia nenda. Wewe ukamwita kwa jina la mama, ukamfundisha jibu, ukampa bwana."

Latifo akaomba basi Rizuane asomewe upya, kwa maneno sahihi, hata leo. Mwalimu akatikisa kichwa. Mtu husomewa talkini mara moja. Ya Rizuane imeshasomwa, mezani, penye bajia na dado. Neno lililokwisha kufika huko halirudishwi likapigwe msasa.

Wahida ndiye aliyeuliza, basi kipi kimebaki.

"Amefundishwa kusema ni wa Latifo mwana wa Zainabo," mzee akajibu. "Kama duniani hakuna Latifo mwana wa Zainabo, hana bwana. Atakwenda."

Latifo akauliza, kwa mnong'ono, kama anaambiwa ajiue. Mwalimu alisema hapana, kujiua ni haramu. Atazikwa hai na kutolewa. Ataoshwa, atavishwa sanda, atalazwa mwanandani, atasomewa talkini yake kwa jina lake na la mama yake. Sala ya maiti hatasaliwa, hiyo haisaliwi kwa mtu anayepumua. Akitoka mle hatakuwa Latifo tena, kwa yeyote, hata kwake mwenyewe. Na yule atakayemwita kwa jina hilo, hata kwa bahati mbaya, hata kwa mapenzi, atakuwa amemwita na yule mwingine.

Latifo alimtazama Wahida. Wahida alitaka kumwambia asikubali. Mtu akitaka kumlaumu amlaumu: alitaka. Halafu wakasikia huko ndani Bi Zainabo anamwambia mtu kwamba kesho wakienda mikokoni waende maji yakiwa yamejaa vizuri, wasipate tabu na tope.

"Nitalala," Latifo akasema.

Walimzika asubuhi, jua limetoka. Sisi wanawake hatuendi makaburini, kwa hiyo Wahida alibaki nyumbani na mgonjwa, ameambiwa jambo moja tu: asiitike. Wala mumewe hakumuaga, maana maiti haagi. Alimwona akitoka kati ya wanaume wanne, hana viatu, hajageuka.

Kwanza kulikuwa kimya. Halafu komeo la mlango likaanza kucheza, linavutwa, linarudi, linavutwa, na maji yakaanza kuchuruzika kutoka chini ya mkeka, yakaenea sakafu nzima, meusi, yanapanda kwenye miguu ya kitanda, na harufu ikawa kitu cha kutafunwa mdomoni, na sauti ya Rizuane ikaanza kuuliza kwa utaratibu, bwana yuko wapi, mmempeleka wapi bwana, pembe hii ya chumba, kisha ile, kisha juu ya paa, kisha ndani ya tumbo la Wahida mwenyewe, ambako mtoto aligeuka mara moja kwa nguvu kana kwamba naye ameulizwa, na Wahida akajifunika kanga usoni, akaukumbatia mwili mkavu wa mkwewe, anauma kitambaa, na hapo ndipo ile sauti ilipobadilika ikawa ya Latifo, ya mumewe, iko nje mlangoni, inahema kama mtu aliyekimbia, inasema Wahida nifungulie, wamekosea, mchanga umenijaa mdomoni, Wahida, mwalimu ameniacha, nifungulie mama wewe, na Wahida alijua kwamba huenda ni kweli, kwamba wanaume hukosea na mchanga hauchagui, na hakufungua, na sauti ikalia, ikabembeleza, ikamtaja kwa jina la chumbani ambalo hakuna mwingine anayelijua, na hakuitika, na hakuitika.

Ikakatika katikati ya neno.

Maji yakanywewa na sakafu. Bi Zainabo akavuta pumzi ndefu, akafumbua macho, akaomba uji. Akaunywa wote. Kisha akauliza ametoka wapi yule mdogo, mbona hamsikii, na Wahida akamwambia amekwenda. Mkubwa je. Amekwenda naye. Bi Zainabo akalitazama bakuli tupu, akasema bora wangemwacha yeye azame mikokoni, akageukia ukuta. Akapona. Yuko hai mpaka leo, anakula, anaoga, na hajamshukuru mtu.

Adérito aliomba uhamisho. Kabla hajaondoka alipita kwa Wahida kumwambia, kwa mikono zaidi ya maneno, kwamba katika mchezo wake hakuna popote palipoandikwa kumimina maji wala kumtaja mama wa mtu. Alisema kweli. Hilo lilitiwa na Latifo mwenyewe.

Wahida alikaa eda yote, nguo za msiba, mume wake akiwa hai. Akamzaa mtoto wa kike, na mtoto akaambiwa baba yake alikufa kabla hajazaliwa. Na yule mwanamume alitoka kaburini kwa upande wa miguu, akavaa nguo za kuazima, akashika njia ya Pundanhar, na huko ndiko aliko, analima muhogo katika shamba la watu. Wanamwita weye. Mara moja alishuka Palma, akasimama nje ya ua. Bi Zainabo alikuwa barazani. Alimtazama kwa muda, macho yake hayana kasoro, kisha akamwambia Wahida kuna mgeni pale, ampe chakula aende zake. Alimjua. Alikuwa ameuma mdomo wa chini mpaka ukatoa damu, jina lisimponyoke. Mtoto ndiye aliyempelekea sahani, akamwamkia kama anavyowaamkia wapita njia.

Lakini hayo ni ya duniani, na ya duniani huzoeleka. Alicholipa hasa bado hajakifikia. Siku atakayokufa kweli, watu wa Pundanhar watamwosha, watamzika, watamswalia, ni Waislamu kama sisi. Talkini hatasomewa, maana ameshasomewa yake. Hakuna mwalimu atakayekaa kichwani pake, hakuna wa kumimina maji, hakuna wa kumkumbusha. Watakapokuja wale wawili kumkalisha na kumuuliza, atakuwa peke yake, na jina la kujibia hana.